Mtoto Aliyesema Ta

Mnaniita nikiwa na choroko mapajani, nusu nimechambua nusu bado, eti bibi njoo utusimulie. Nani anasimulia ngano jua likiwa utosini? Kisa Tunu kajifungua juzi na mtoto hashiki titi, basi wanawake wazima sita mmejaa chumbani mnalia naye. Machozi yenu yana maziwa? Haya, sogeeni huko nipate pa kunyoosha goti. Nasimulia mara moja. Atakayesinzia asiniulize kesho.

Paukwa!

Pakawa!

Hiyo ndiyo pakawa? Mnaitikia kama mmekatazwa. Paukwa!

Pakawa!

Sawa. Hapo zamani za kale, kale ambayo bibi yangu naye aliisikia kwa bibi yake, palikuwa na kijiji. Jina lake silijui, na hata mngelijua lisingewasaidia kitu. Kijijini hapo alikaa mwanamke mzee, mfinyanzi. Watu walimwita Bi Nyungu. Alikuwa na tabia moja: anaongea na udongo wake. "Lainika, wewe." "Mbona umenuna?" Kutwa nzima hivyo. Watoto walimcheka, wakubwa walishamzoea.

Kijiji hicho hicho alikuwako Bi Mwamvita. Huyu alikuwa na mwana mmoja, Mdoe, na mwana huyo akaoa binti wa ng'ambo ya mto, Siwema. Bi Mwamvita hakumtaka Siwema. Sababu? Hakuwa na sababu. Wengine hawahitaji.

Siwema akashika mimba. Mimba ilipofika miezi minane, Bi Mwamvita akaenda kwa Bi Nyungu.

"Nifinyangie kijungu kidogo. Kiwe na mdomo mrefu, mwembamba, kama wa birika. Usizidi kidole changu cha mwisho."

"Cha nini?"

"Wewe finyanga."

Bi Nyungu akafinyanga. Hilo liwekeni kichwani. Alifinyanga, hakuuliza mara ya pili.

Siwema akajifungua. Mtoto wa kike, ana nywele, ana sauti. Ngaa! Ngaa!

Sasa kijiji kile kilikuwa na mwiko wake. Mzazi wa uzazi wa kwanza hukaa ndani siku arobaini, na titi lake halionwi na mtu ila mavyaa wake, mama wa mumewe. Mwingine akiliona, kisha mtoto akafa, basi amemuua yeye aliyeona. Kwa hiyo mle ndani walikuwa watatu tu: Siwema, mtoto, na Bi Mwamvita.

Siku ya kwanza titi likatoa dang'a, yale maziwa ya mwanzo, mazito, ya njano. Bi Mwamvita akayakamua. Puu! Chini. "Uchafu huu." Siku ya pili, puu! Chini. Mtoto akapewa maji ya uji kwa kijungu. Mdomo ule mwembamba ukaingizwa katikati ya midomo yake. Ti, ti, ti. Mtoto akajifunza: chakula huja kwa kubana midomo.

Siku ya tatu maziwa yakaja kwa nguvu. Matiti yakajaa, yakawa magumu, yanang'aa, hata kanga ikigusa yanauma. Bi Mwamvita akamfunga mtoto kitambaa kuanzia shingoni mpaka nyayoni, kama mtu anayefunga miwa. Akamshika kisogo. Akamsukumiza kwenye titi.

"Nyonya!"

Mtoto akafungua mdomo kidogo, kama kijungu kilivyomfunza. Akashika ncha ya chuchu. Ta. Ikamponyoka. Ta. Ikamponyoka. Ta, ta, ta. Ngaa!

Chuchu zikapasuka. Siwema akauma upindo wa kanga asipige kelele. Siku ya nne vivyo hivyo. Ta, ta, ta. Ngaa! Siku ya tano, ta, ta, na ile ngaa ikawa ndogo, kama inatoka chumba cha pili. Siwema akakishika kitambaa cha mtoto. Kikavu. Asubuhi kikavu, jioni kikavu.

"Mama, mtoto hakojoi."

"Akojoe nini, na titi lako kalikataa? Titi la mke mwaminifu halikataliwi."

Kisha Bi Mwamvita akajitanda kanga yake, akatoka. Akapita nyumba kwa nyumba. Kila nyumba neno moja: "Mkwe wangu kambemenda mtoto."

Mnalijua neno hilo, msijifanye. Maana yake mama katoka nje ya ndoa, mtoto kapatwa na madhara yake, anadhoofika. Mwanamke ana siku tano tangu ajifungue, hata kukaa anakaa upande, eti ana mwanamume! Na watu wakaamini. Waliitikia "Loo!", wakaenda kuchota maji na habari hiyo.

Wazee wakasema: siku ya saba, mtoto akitolewa nje, tutakaa baraza. Kama bado anakataa titi, Siwema atarudishwa kwao ng'ambo ya mto, mtoto atabaki kwa bibi yake.

Kwa bibi yake, na kijungu. Siwema akamtazama mwanawe, midomo imekauka, macho yameingia ndani. Akajua akimwacha na kijungu kile hamkuti tena.

Na Mdoe, mume? Mdoe alikuwa uani anachonga mpini wa jembe. Aliuchonga mpini ule siku tano.

Siku ya sita, mchana, Bi Nyungu akaja. Hakuitwa kwa ajili ya mtoto. Kijungu kilikuwa kinavuja, Bi Mwamvita akamwita aje azibe. Akaja na bonge lake la udongo mbichi ndani ya jani la mgomba. Akapewa kijungu. Akakitazama. Pale pale akasikia, ukutani: ta, ta, ta.

"Ndani kuna nani anamenya njugu?"

"Njugu gani! Mjukuu wangu ananyonya."

"Anayenyonya husema ku. Huyo anasema ta."

"Mfinyanzi, ziba kijungu."

Bi Nyungu akakitazama kijungu tena. Akautia mdomo wa kijungu kwenye kidole chake cha mwisho. Ndipo alipojua kilikuwa cha nini.

"Niache niingie nimwone."

"Ingia. Ukiliona titi, na mtoto akifa, umemuua wewe. Kijiji kizima kitasema."

"Siingii," akasema Bi Nyungu. "Nitakaa hapa nje nifanye kazi yangu."

Akakaa chini, mgongo kwenye ukuta wa udongo; upande wa pili wa ukuta ndiko alikokuwa Siwema. Bi Mwamvita naye akaweka kigoda mlangoni, akaanza kupepeta mtama, analinda. Fyaa, fyaa, fyaa.

Bi Nyungu akalishika bonge lake, akaanza kuongea nalo. Kwa sauti. Nani angeshangaa? Kila mtu alijua anaongea na udongo.

"Wewe udongo umekuwa mgumu. Ukiwa mgumu hivi nani atakushika? Tukuweke kitambaa cha vuguvugu. Hivyo. Sasa tukukamue kidogo kwa vidole, taratibu, maji yatoke, mpaka hapa kwenye weusi pawe laini kama ndewe ya sikio."

Ndani kimya. Halafu, maji: cho, cho, bakulini.

Amesikia, huyo. Bi Nyungu akaendelea.

"Na wewe chungu, nani kakufunga hivi? Mikono iachwe. Tumbo lako kwenye tumbo langu. Shingo isipinde. Nikikupindisha shingo, utameza vipi?"

"Chungu kinameza?" akauliza Bi Mwamvita, hakuinua macho.

"Changu kinameza. Na sikushiki kisogo, ukishikwa kisogo unarudi nyuma. Nakushika mabegani. Pua yako ielekee chuchu, siyo mdomo. Sasa nakugusa mdomo wa juu. Nakugusa tu. Nangoja."

Ndani: ta.

"Umefanya haraka! Mdomo mdogo haupewi kitu. Toa kidole chako, kipitishe pembeni mwa mdomo, usivute, achia taratibu. Anza upya. Nangoja. Nangoja mpaka upige mwayo wa fisi."

Ndani: ta. Kisha Siwema akalia, kilio cha mtu aliyechoka.

"Mfinyanzi halii, hulia udongo," akasema Bi Nyungu, mkali. "Chungu cha kwanza huvunjika, cha pili hupinda. Sikuja hapa kutazama mtu akiacha kazi katikati. Tena! Usiiname wewe kukifuata chungu, utaumia mgongo. Kilete chungu kwako. Nangoja. Nangoja. Mdomo umepanuka? Sasa! Upesi! Kidevu kwanza, kidevu kiingie titini!"

Fyaa ikasimama.

"Tangu lini chungu kina kidevu?"

"Tangu leo. Pepeta mtama wako."

Ndani kimya. Mdoe akaacha kuchonga. Nzi akapita. Kimya.

Kisha, kwa mbali, kama jiwe dogo linaloangukia kisimani: ku.

Kimya.

Ku.

Ku. Ku. Ku.

Bi Nyungu akalikunja bonge lake kwenye jani la mgomba. Akakichukua kijungu kikivuja vile vile.

"Hiki nakwenda kukizibia nyumbani," akasema, akaondoka.

Siku ya saba wazee wakakaa uani, wamejipanga kando ya ukuta. Siwema alikuwa ndani, mlango umeachwa wazi kidogo. Wake kwa waume wakaja, maana mambo kama hayo hayakosi watu. Bi Mwamvita akasimama akasema yake yote, na mikono yake akaisemesha. Mtoto kakataa titi. Titi lina dhambi. Binti wa ng'ambo arudi ng'ambo.

Bi Nyungu akainuka kwa shida, magoti yake kama haya yangu.

"Wazee, mnasikia vizuri?"

"Tunasikia."

"Basi nyamazeni."

Wakanyamaza. Kupitia ukutani: ku. Ku. Ku. Mzee mmoja akaweka sikio kwenye udongo, akaitikia kwa kichwa, akampisha mwenzake.

"Bi Mwamvita," akasema Bi Nyungu. "Ulimwona nani na Siwema?"

"Sikumwona mtu."

"Ulisikia kwa nani?"

"Sikusikia kwa mtu."

"Ulijuaje?"

"Mtoto alilikataa titi."

"Na leo analinyonya. Leo unajua nini?"

Bi Mwamvita akaivuta kanga yake kichwani.

Hapo Bi Nyungu akakitoa kijungu ndani ya kanga yake, akakiweka chini mbele ya watu.

"Mimi nimekosa kwanza. Nilikifinyanga bila kujua cha nini. Niliuliza mara moja, nikajibiwa vibaya, nikaogopa kuuliza mara ya pili. Tazameni mdomo huu. Mtoto mliyemfundisha mdomo wa kijungu atafungua mdomo wa kijungu. Hakulikataa titi. Alikuwa hajaonyeshwa. Mama naye hajaonyeshwa. Hapakuwa na dhambi humu ndani, palikuwa na watu wawili wageni wa kazi, na mmoja aliyewafungia mlango."

Akainua jiwe. Pa! Kijungu kikawa vigae. Akaviokota kimoja kimoja, aende akavitwange achanganye na udongo mpya, maana mfinyanzi hatupi.

Mtoto akatolewa nje. Desturi ni mtoto wa siku ya saba apakatwe na bibi mzaa baba. Bi Mwamvita akampokea, angefanyaje. Mtoto kashiba, midomo ina povu la maziwa, kalegea. Akatulia mapajani pa bibi yake. Kisha, chrrrrr. Kanga yote. Chapachapa.

Siwema kule mlangoni akacheka. Ndicho kicheko chake cha kwanza ndani ya nyumba ile.

Basi ndio hivyo. Mtoto asiyeshika titi hajamtukana mama yake, wala hajatoa ushahidi. Angalieni mdomo umefunguka vipi. Angalieni amekaa vipi. Sikilizeni ni ta au ku. Mkishamaliza hayo ndipo mfungue midomo yenu, na kama hamna la maana, ifungeni. Na wewe Tunu, ikikushinda na hivyo, zahanati iko palepale barabarani, nenda mchana kweupe, usikae nayo ndani kama mwizi. Sasa mlegeze mtoto huyo kitambaa. Mlete kwako. Usimfuate. Ngoja mwayo.

Hadithi yangu imefika mwisho wa kamba.

Nini tena? Ah. Bi Mwamvita.

Wazee walisema alipeleka neno kwa miguu yake, atalirudisha kwa miguu yake. Kila nyumba aliyoingia kusema "kambemenda", arudi asimame uani, aseme: "Titi lilikuwa zima. Mdomo wangu ndio uliokuwa mbovu." Akaenda. Nyumba ya kwanza walimpa kiti. Nyumba ya pili walimpa maji. Kufika ya kumi walikuwa wanamngoja mlangoni na watoto wao. Alizimaliza zote za kijijini kwa siku mbili.

Ikabaki moja, ng'ambo ya mto, kwa mama yake Siwema, maana neno lilifika hata huko. Akavuka, maji kiunoni. Akabisha hodi. Mama yake Siwema hakufungua.

"Sema hapo hapo nje," akasema kutoka ndani.

Bi Mwamvita akasema.

"Sijasikia. Ukuta wangu mnene."

Akasema tena, kwa sauti.

"Bado."

Akasema mara ya tatu, akapayuka mpaka sauti ikakatika, na majirani wote wakatoka kumtazama. Mlango haukufunguliwa. Akangoja, akangoja, jua likamhamia mgongoni, akavuka mto kurudi na nguo zake mbichi.