Mbegu za Mama Nyati Zilizovuka Mto

Hapo kale sana, watoto, wanyama walipokuwa na mashamba na mabaraza yao, Mama Nyati, mjane mwenye ndama watatu, alimkopesha Nguchiro gunia la mbegu za mtama mwekundu. Mtama ule haukupandwa na mwingine yeyote.

"Nitalipa kabla ya masika, dada! Haki ya Mungu!"

Wiki haikuisha. Chubwi! Nguchiro akavuka mto, akahamia nchi ya pili.

Mama Nyati akashtaki kwao. Mzee Kakakuona akaamua, "Nguchiro alipe!" Kisha akajikuna magamba. "Lakini mama, askari wetu mwisho wao mtoni. Kamshtaki hukohuko."

Mawingu yalishatanda na shamba lilikuwa tupu. Akatembea siku mbili bila kula, akavuka.

Hakimu wa ng'ambo, Korongo, akamtazama juu hadi chini. "Hapa mgeni hasemi mpaka mwenyeji amdhamini. Unamjua nani?"

Maskini! Nchi nzima ile alimjua mmoja tu.

"Mimi hapa!" Nguchiro akachomoka katikati ya umati. "Nitamdhamini dada yangu! Deni silikatai. Ila hebu mwoneni, hata kusimama hawezi. Twende ule kwanza, dada, kisha turudi useme yote."

Msimcheke, watoto, nanyi hamjashinda njaa siku mbili. Mama Nyati alimaliza sinia zima la ugali, Nguchiro akimhimiza, "Kula, dada, kula!"

Wakarudi barazani.

"Namdai Nguchiro gunia..."

"Ngoja!" Nguchiro akadakia. "Mheshimiwa, huyu amekula chumvi yangu leo."

Baraza likaguna, mmmh! Korongo akakunja mabawa. "Mama, kwetu aliyekula chumvi ya mwenyeji wake hamshtaki tena maisha yake yote. Kesi imekwisha."

"Mbona hamkuniambia?"

"Hukuuliza, mama."

Mama Nyati akalia mbele ya wote, wala hakuona haya. Hapo ndipo alipoitambua ladha iliyobaki ulimini: ulikuwa mtama wake mwenyewe.

Mvua ilimnyeshea njia nzima. Ndama wake walikuwa shambani wakimngoja, majembe mabegani.

"Mama, mbegu ziko wapi?"

Akainamisha pembe. "Nimezila, wanangu."

Basi nanyi mkimdai mtu, msile kwake kabla hajawalipa.