Dibaji ya Bwana Pembatoni

Paukwa!

Pakawa!

Mmeitika kivivu kama waliolazimishwa. Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo kale, ng'ambo ya bahari kuu, palikuwa na kijiji cha watu weusi. Babu zao walipelekwa huko kwa minyororo, kisha wakaambiwa washukuru. Humo aliishi Bibi Zilpa, ambaye hadi leo watu wakitaja busara humtaja yeye. Wakati huo alikuwa msichana tu, dobi wa mabwana. Anafua, pwa! pwa! Anapiga pasi, shwaa! shwaa! Na huku pasi inakwenda, yeye anatunga mashairi.

Mashairi yakatosha kitabu. Akayapeleka kwa mchapaji.

"Mazuri mno," akasema mchapaji. "Ndiyo maana hayawezi kuwa yako. Tafuta bwana akudhamini. Aandike dibaji, aje aisome mbele ya watu. La sivyo, sichapi."

Zilpa akamwendea Bwana Pembatoni, ambaye mashati yake aliyafua yeye. Bwana huyu alikuwa mkarimu sana, hasa wa kujisifu. Mashairi yalikuwa kurasa ishirini. Dibaji yake fupi ikawa kurasa arobaini.

Zilpa akaisoma, ikamchoma. Alitajwa mara mbili, na mara moja kwa jina lisilo lake. Lakini alikitaka kitabu kile kuliko chakula. Akamshukuru bwana.

Jumapili ikafika, watu wakajaa kanisani kwao, na mchapaji akaja kusikiliza. Sasa, watu wale hawakuwa na vitabu vya nyimbo. Mtu akisimama mbele akatoa mstari, wote huurudia kwa sauti. Ndiyo desturi. Bwana Pembatoni alijua kila kitu, kwa hiyo hakuuliza.

Akakohoa. Akasoma:

"Mimi ndiye niliyemlea binti huyu!"

Kanisa zima likaitikia: "Mimi ndiye niliyemlea binti huyu!"

"Mimi ndiye niliyemfundisha kusema!"

"Mimi ndiye niliyemfundisha kusema!"

"Nyamazeni!"

"Nyamazeni!"

Bwana akakunja karatasi zake, akatoka, mlango ukalia ba!

Zilpa akaona kitabu chake kimetoka naye. Machozi yakamlenga. Mchapaji akasimama.

"Haya, sasa nani atamdhamini?"

Akainuka Mama Ketura, bibi kizee aliyemlea Zilpa tangu alipofiwa na mama yake.

"Bwana mchapaji, pole kwa masikio. Watu mia mbili tumesema hapa kwamba tumemlea na kumfundisha. Tulisema kwa kurudia, lakini ni kweli tupu. Unataka tuseme tena?"

Mchapaji akawatazama. Akaona wanunuzi mia mbili. Ghafla, kwa neema ya Mungu, akaamini. Kitabu kikachapwa, na ukurasa wa kwanza ukawa shairi la Zilpa.

Funzo ni hili, enyi wenye sauti nzito: msijisifu kwa mtoto wa watu mbele ya waliomlea. Hadithi yangu naitua hapo.