Ufunguo wa Nyumba ya Zaina

Mwenye ufunguo ndiye mwenye moto. Mmenisikia nikimwambia hivyo mwenye nyumba wenu, mkacheka, na sasa mnataka kujua ufunguo na moto vilikutana wapi. Kaeni basi niwaambie. Msemo huu ulizaliwa hapa hapa Tanga, katika nyumba moja nyuma ya soko.

Nyumba ilikuwa ya Mzee Haidari Mbwana. Mkewe, Zaina, alikuwa Mpemba wa Wete, na alipofariki alizikwa huko kwao, kama alivyousia. Tangu siku hiyo mzee alibaki Tanga kiwiliwili tu. Akiamka, hutega sikio jikoni, labda atasikia vikombe. Baada ya miaka miwili ya kutega sikio bure, akaamua kuiuza nyumba ahamie Wete, awe akilizuru kaburi la mkewe kila Ijumaa.

Mnunuzi akapatikana, Bwana Mushi, na karatasi zikatiwa saini. Lakini mtaani kwetu nyumba haijauzwa mpaka muuzaji auweke ufunguo kiganjani mwa mnunuzi, wapangaji wakishuhudia. Mzee Haidari aliahirisha mara tatu. Mara mguu unauma, mara mvua. Hapakuwa na mguu wala mvua. Ufunguo ule Zaina aliushika miaka thelathini, na mzee hakuweza kuuachia.

Upande wa uani alipanga Bi Nuru Shekigenda, mshona nguo, pamoja na mama yake aliyepooza. Walipikia gesi: mtungi nje, bomba limepenya ukuta hadi jikoni. Kila mwaka, kabla ya Ramadhani, mzee alimwita fundi akague. Mwaka huo hakumwita. Moyoni alikuwa keshahama.

Jumatano asubuhi Bi Nuru akabisha hodi.

"Shikamoo, baba. Jikoni kunanuka gesi tangu jana, na jiko nimelizima."

"Marahaba, mwanangu. Lakini mimi nyumba nimeshauza. Mpigie Bwana Mushi."

Akampigia, kisha akarudi amekunja uso.

"Anasema hajakabidhiwa, yeye bado ni mgeni. Ufunguo uko wapi, baba?"

Mzee akagusa mfuko wa kanzu. Ufunguo ulikuwa humo.

"Basi mwenye ufunguo ndiye mwenye moto," akasema Bi Nuru. "Mama yangu hawezi kukimbia. Nyumba ikilipuka, nitambeba mimi peke yangu?"

Maneno hayo yalimwingia. Akatoka mbio na mguu wake ule ule, akaufunga mtungi, akafungua madirisha yote, wakambeba mama hadi kwa jirani. Fundi Kihiyo akaja, akapaka povu la sabuni kwenye bomba. Pale lilipoingia ukutani, mapovu yakafura.

"Limeliwa na kutu, mzee. Cheche moja tu ingetosha. Lazima nibomoe ukuta, niweke jipya. Kazi ni mpaka Jumatatu."

Sasa sikilizeni. Kesho yake mzee alikuwa asafiri. Jumamosi ilikuwa hitima ya kila mwaka ya Zaina huko Wete, na siku hiyo aliihesabu kama mtoto anavyohesabu Idi.

"Nenda tu, baba," Bi Nuru akamwambia, sauti imelegea. "Sisi tutajibanza kwa jirani."

Mzee akampigia shemeji yake, Bi Mize. "Jumamosi sitafika. Nisomeeni na mimi," akasema, akakata simu kabla hajaulizwa.

Jumamosi, saa ya hitima, alikaa jikoni katikati ya vumbi la ukuta uliobomolewa. Akalia waziwazi, mtu mzima yule, wala hakujificha.

"Zaina, nilitaka kuja," akasema. "Lakini nyumba yako ina watu."

Jumanne Fundi Kihiyo alikagua mara ya mwisho, akaandika cheti chake. Bwana Mushi akaitwa. Mbele ya Bi Nuru na mama yake, mzee akampa cheti, kisha akamwekea ufunguo kiganjani, na mkono wake ukakawia juu yake.

"Kuanzia leo moto ni wako," akamwambia, akauondoa mkono.

Alipofika Wete, Bi Mize alimfuata makaburini kwa hasira.

"Shemeji, umekosa hitima ya mkeo! Nyumba si uliiuza? Nini kilikuweka huko?"

Mzee Haidari alikuwa amekwisha piga magoti kaburini, anang'oa majani kwa mikono miwili.

"Mwenye ufunguo ndiye mwenye moto, shemeji," akajibu. "Zaina anajua."