Bingwa Arudi Chepilat

Wahenga hawakumung'unya maneno. Waliposema mchama ago hanyele, huenda akauya papo, walimwonya anayehama kambi asiichafue, maana huenda kesho akalala papo hapo. Kipkirui aliikariri methali hiyo shuleni na kupata alama zote. Kukariri ni rahisi.

Alizaliwa karibu na soko la Chepilat, mahali ambapo kijana mwenye nguvu hutarajiwa kukimbia mbio. Yeye alipenda ndondi. Aliyemfunza ni mzee Ogoti, Mkisii mchuna majani chai aliyekuja huku zamani kutafuta kazi. Kila jioni walifanya mazoezi katika ukumbi wa soko, Ogoti akivaa ndara kuukuu mikononi ili kijana apate cha kupiga.

Kipkirui alitwaa ubingwa wa nchi, kisha wa Afrika. Siku aliyorudi nyumbani, Chepilat ilifurika. Wakipsigis humlaki shujaa wao kwa mursik, maziwa ya mtindi yaliyotiwa makaa ndani ya kibuyu. Akina mama walimpa Ogoti heshima ya kumnywesha, ingawa hakuwa wa kabila lao. Mzee alikiinua kibuyu kwa furaha.

Kipkirui alitazama kamera za wanahabari, akakisukuma kibuyu kando.

"Mzee, hiyo kitu ya makaa siwezi kunywa. Siku hizi mimi nakula chakula ya mabingwa."

Maziwa yalimwagikia koti la Ogoti. Watu walicheka kidogo, lakini akina mama walitazamana. Mzee alipokuwa akijipangusa, bingwa alikuwa tayari ndani ya gari, safari ya Nairobi.

Miaka michache baadaye jicho la Kipkirui liliumizwa ulingoni, na daktari akampiga marufuku kupigana. Marafiki wa Nairobi walitoweka kama umande. Simu ilinyamaza hadi akawa anaizima na kuiwasha, akidhani imeharibika. Upweke ukamrudisha Chepilat. Alitaka jambo moja tu: kuwafunza watoto ndondi, asikie tena mtu akimwita kwa jina.

"Mzee, nilikukosea," alimwambia Ogoti, ambaye bado aliwafunza watoto ndondi, akaomba amsaidie.

"Mimi nilishasahau, kijana yangu. Njoo Jumamosi. Nitaambia watoto wewe ndio utawafunza."

Jumamosi Kipkirui aliufagia ukumbi, akapanga glovu, akangoja. Jua likapanda. Hakuja mtoto hata mmoja. Mwishowe alikuja Ogoti, kofia mkononi.

"Nimewaomba sana," mzee alisema. "Mama zao wamekataa. Wanasema, mtu alimwaga maziwa mbele yetu, atafunza watoto yetu nini?"

"Na wewe, mzee?"

"Mimi sina neno na wewe. Lakini watoto wananingoja kule uwanja ya kanisa, na siwezi kuwaacha." Alimshika bega. "Ukitoka, funga mlango."

Kipkirui aliketi kwenye benchi. Aliwasikia watoto wakicheka uwanjani, akalia. Hakuna aliyemfukuza. Alikuwa kwao, na hakuwa na mtu. Ama kweli, mchama ago hanyele, huenda akauya papo.