Mtamba wa Picha ya Moto

Hapo zamani, ila si zamani sana, maana simu zilishafika milima ya Upare lakini mtandao ulikuwa bado haujajua kupanda, moto uliwaka usiku juu ya kijiji cha Mrindi.

Pembe ikalia. Kila mtu akakata tawi bichi, akapanda kuupiga moto. Nakijwa naye alishika tawi, lakini macho yalimtoka: mlima mzima ulikuwa umevaa shanga nyekundu! Akalitupa tawi, akakimbilia ng'ambo ya bonde na simu yake yenye ufa. Njiani akateleza, mguu ukateguka. Akapanda akichechemea.

Binamu yake, Chediel, akamfuata amrudishe. "Hee! Wenzako wanaupiga moto kwa matawi, wewe unaupiga picha!"

Nakijwa aliiegemeza simu kwenye jiwe, akabana pumzi. Akapiga ya kwanza: giza. Akapiga ya pili: moshi. Akapiga ya tatu, na hapo, mbali kabisa na moto mkubwa, kikaonekana kistari chekundu, chembamba kama uzi.

"Che, tazama! Huku kuna moto mwingine, na hakuna mtu. Kimbia nayo, mimi mguu hauniruhusu."

Chediel akaitia simu kifuani, akakatiza kwenye majivu ya moto. Ndala zikayeyuka. Akazitupa, akakimbia peku.

Chini, watu wakaizunguka picha. Wote wakaona weusi na wekundu. Hakuna aliyejua ni wapi. Ndipo Bibi Namkunda, aliyekata kuni milimani miaka sitini, akapiga ukelele: "Nyie! Huu ni mgongo wa mlima wa Kitala. Moto umezunguka nyuma, unaiendea chemchemi yetu!"

Wakaenda mbio. Kulipokucha, msitu wa chemchemi ulikuwa mzima, na maji yanatiririka.

Kijiji kikatoa mtamba mmoja, ng'ombe jike ambaye hajazaa, awe shukrani kwa aliyeiokoa chemchemi.

Nakijwa, ambaye kwao hapakuwa na hata mbuzi, akasema, "Bila jicho langu, mngekesha mkiupiga moto mmoja tu."

Chediel akainua nyayo zilizofungwa vitambaa. "Bila hizi, picha ingelala mlimani na mwenyewe."

Bibi akacheka. "Wajukuu zangu, mliniletea giza kwenye kioo. Nani alilipatia jina?"

Mwenyekiti wa kijiji akashika kamba ya mtamba, akamtazama huyu, akamtazama yule. Mtamba hakatwi vipande akabaki mtamba.

Haya, nyie mliosikia: kamba ile mngemkabidhi nani?