Korongo wa Kinamasi cha Nyalwivu

Ndege aliyehesabiwa mara mbili hatagi mara mbili. Nilimwambia ndugu yenu Lugano hivyo jana alipokuwa anajipigia hesabu zake za ajabu, nanyi mkacheka, kisha mkataka kujua nani alisema hivyo kwanza. Haya. Wekeni simu pembeni, menyeni mbaazi huku mnasikiliza, maana sitarudia. Maneno hayo yalitoka kwenye ugomvi, na ugomvi wenyewe ulikuwa umeshapamba moto nilipofika.

"Jumlisha, wifi! Ishirini na watatu wangu, ishirini na watatu wako. Shule ulisomea nini?"

"Nilisoma ili nisijumlishe upuuzi."

"Macho yangu ni upuuzi?"

"Sijasema macho. Nimesema hesabu."

Aliyetaka ijumlishwe ni mama yangu, Sikitu, bibi yenu. Aliyekataa ni shangazi Vumilia, dada yake baba, mwandishi wa kundi la kuhesabu ndege la hapa Mlangavi. Walisimama ukingoni mwa kinamasi cha Nyalwivu, viatu vimejaa matope. Wahesabuji wengine kumi walikuwa wamewazunguka wakinywa chai kimya kimya, kama watu wanaotazama mbuzi wakipigana.

Mjue kwanza walichogombania. Nyalwivu ndiko inakoota milulu, yale majani marefu tunayofumia vikapu. Ndiko pia wanakotaga korongo wenye taji la dhahabu kichwani, katikati ya milulu hiyo hiyo. Ukiikata yote, korongo hana pa kujificha, na asipojificha hatagi. Kwa hiyo kijiji kilikubaliana. Kila mwezi wa kumi, miombo inapochipua majani mekundu na mvua bado iko njiani, watu hujitolea asubuhi moja kuhesabu. Wakionekana korongo arobaini au zaidi, milulu inakatwa. Wakipungua hapo, mti uliofungwa majani makavu unasimikwa kwenye njia ya kuingilia, na hakuna anayekata hata jani mpaka mwaka mwingine.

Mwaka ule mimi nilikuwa ninaolewa Desemba. Kwetu binti alikuwa anatoka nyumbani na vikapu saba vilivyofumwa na mama yake, kwa milulu ya mwaka ule ule. Si vya kununua, wala vya kuazima kwa jirani. Na vidole vya mama vilikuwa vimeanza kukunjika. Asubuhi za baridi alivitia kwenye maji ya moto ndipo viweze kushika kikombe. Aliniambia mara moja tu, wala hakulia, kwa sababu hakuwa mtu wa kulia: "Mwaka huu bado vinafuma. Mwakani sijui."

Pale ukingoni hakuna ambaye hakulijua hilo. Shangazi alilijua kuliko wote.

Asubuhi ile mama alikuwa amepangiwa Jiwe la Mashariki. Alinisimulia mara nyingi baadaye, na kila mara sauti yake ilishuka alipofika hapo. Alikaa juu ya jiwe kabla jua halijatoka. Ukungu ulikuwa umefunika kinamasi chote, mweupe, mzito, hata hakuona maji yanaishia wapi na mbingu inaanzia wapi. Alisikia mabawa kabla hajaona kitu, sauti kama ya kanga zinazokung'utwa mbali. Halafu wakatoka. Taji kwanza, kisha shingo, kisha mabawa meupe yaliyofunguka bila haraka yoyote. Walipita juu yake polepole mno, akahisi kwamba wao wametulia na yeye na jiwe lake ndio wanaosogea. Kila alipopita mmoja, alihamisha punje ya mahindi kutoka mfuko wa kulia kwenda wa kushoto. Ndivyo tunavyohesabu hapa, maana ukiinamia karatasi ndege wameshapita. Punje ishirini na tatu. Kisha ukungu ukajifunga nyuma yao upande wa magharibi, nako kukawa kimya. Mama alisema alibaki pale hajui kama yuko macho au bado amelala kitandani kwake.

Sheria ya kundi ni kwamba ukishaona, unaandika saa, na upande ndege walikoelekea. Mama hakuandika. Vidole vilikataa kushika kalamu, naye aliona haya kumwomba mtu.

Shangazi Vumilia alikuwa upande wa magharibi, kwenye daraja la magogo. Muda mfupi baada ya jua kutoka aliwaona korongo ishirini na watatu wakitokea mashariki. Aliandika saa, akaandika na upande. Wengine wote hawakuona korongo hata mmoja, ni bata tu na yangeyange.

"Wangu wangeweza kwenda popote," mama alisema. "Kinamasi ni kikubwa."

"Walielekea wapi?"

"Kulikuwa na ukungu."

"Wifi, nimekuuliza walielekea wapi."

"Nami nimekujibu kulikuwa na ukungu! Au nikuimbie?"

Ambokile, yule fundi baiskeli, akaona apoze mambo. "Niandikieni na jogoo wangu. Naye ana kilemba, na asubuhi hii alikuwa anaelekea magharibi."

Watu wakacheka. Mmoja akasema, "Mwandishi, andika arobaini na sita twende zetu. Binti anaolewa." Mwingine akaitikia. Wote walikuwa na wake au mama wanaofuma, wote waliitaka milulu. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya mama nikishika kikapu chake cha chakula. Niwaambie ukweli, nilitaka iandikwe. Nilitaka sana.

Shangazi hakucheka. Alifunga daftari, akamsogelea mama, akasema kwa sauti ya chini, ila wote tulisikia.

"Sikitu. Wa mwisho katika kundi langu alikuwa amevunjika mguu. Alikuwa anauning'iniza, unayumba kama uzi. Kati ya wako alikuwepo wa hivyo?"

Mama alitia mkono mfukoni, penye punje zake.

"Mashariki ulikuwa peke yako," shangazi akaendelea. "Hakuna wa kukupinga. Ukisema hakuwepo, nitaandika arobaini na sita, na sitaliuliza tena mpaka naingia kaburini."

Akafungua daftari na kulishika mbele yake.

Ukungu ulikuwa unainuka. Kinamasi kilianza kuonekana vipande vipande, milulu ikijitokeza kijani kibichi, imekomaa sawasawa kwa kukatwa. Mama aliitazama kwa muda mrefu. Aliangalia mikono yake. Kisha akageuka akaniangalia mimi, nami nikainamisha kichwa, kwa sababu nilijua uso wangu ulikuwa unamwomba nini.

"Alikuwepo," akasema. "Alikuwa wa mwisho. Mguu wa kushoto."

Ambokile akamwaga makapi ya chai yake chini.

"Ungesema hakuwepo, wifi," shangazi akasema, na sauti yake haikuwa imara tena, "ningeandika."

"Najua ungeandika. Ndiyo maana nimesema. Lete kalamu."

Aliishika kwa mikono miwili kama mtoto wa chekechea, akakata kwa mstari uliopinda ishirini na watatu wake ambao shangazi alikuwa ameshawaandika. Kisha hakungoja mwenyekiti wa kijiji aje, wala hakungoja mtu amwambie pole. Alikwenda moja kwa moja kwenye kichaka ulikolazwa mti wa kufungia, akauburuta mpaka kwenye njia, akausimamisha, akaokota jiwe. Wanaume wawili wakasogea kumsaidia. Akawatazama tu, wakarudi nyuma.

Mimi nikamfuata.

"Mama," nikasema, "na vikapu vyangu?"

Alipiga kichwa cha mti kwa jiwe. Akapiga tena.

"Ndege aliyehesabiwa mara mbili hatagi mara mbili," akasema. "Shika mti huo unyooke."

Nikaushika.