Kidogo Kina Ndugu

Kidogo kina ndugu. Mmenisikia nikimwambia shangazi yenu hivyo, mkacheka, mkauliza nimeitoa wapi. Methali hii ilianza hivi.

Zamani hapa Wete, mtaa ulipokuwa ukinukia iliki kila Alhamisi, palikuwa na mpika halua jina lake Shaame Faki. Ah, halua ile! Siku hizi tunakula wanga uliotiwa rangi. Shaame alikuwa na kisukari, na mguuni ana kidonda kisichopona. Daktari alimwambia wazi kwamba sukari isiposhuka, mguu utakatwa.

Shaame aliogopa, akaapa. Chai akanywa bila sukari, wali akaupunguza. Lakini halua lazima ionjwe, na kila alipokoroga alimega kidogo kwenye mwiko. Kuonja si kula, alijiambia, akaamini, maana moyo unaotaka kitu haukosi wakili. Kidonda kikazidi kuchimba.

Mkewe, Mize, alikwishachoka kugombana. Siku moja alikaa kitako jikoni, bakuli mapajani. Kila mumewe alipomega, naye alimega kadiri ile ile akatia bakulini, kimya. Shaame alidhani anamwekea jirani. Halua ilipoiva, Mize akamsogezea bakuli. Lilikuwa limejaa pomoni.

"Ya nani hii?"

"Yako, Baba Khatibu. Ndiyo uliyoionja leo."

"Hebu niondolee uongo! Mimi nimeonja kidogo tu."

"Ndicho hicho kidogo," Mize akasema, "na ndugu zake wote."

Shaame alilitazama bakuli hadi machozi yakamlenga. Aliona haya, na zaidi ya haya aliona hofu. Tangu siku hiyo mwonjaji akawa Mize, na yeye akabaki na mwiko wake. Kidonda kilichukua miezi, lakini kilifunga.

Msidhani hamu ilimtoka. Sikukuu moja, yu hai na miguu yake miwili, sahibu yake Hamad alimnyooshea kipande kingali cha moto, samli inachuruzika.

"Onja, bwana! Kidogo tu, hakiui mtu."

Shaame akameza mate. Harufu ile ilikuwa ujana wake mzima.

"Naitaka, wallahi naitaka," akasema. "Lakini kidogo kina ndugu, Hamad, na mimi sina uwezo wa kuwakaribisha wote."